Herufi za Baba kwenye Ukuta wa Mama

Jumamosi, tarehe tisa Agosti 2025, siku moja baada ya Nane Nane, nilikuwa mezani kwangu mjini Tabora nikihangaika na ufito wa katikati wa herufi A. Nilikuwa nimefunga dirisha kwa sababu ya vumbi la kiangazi, na kwenye kioo cha kompyuta A ile ilisimama nene na kubwa kama paa la ghala. Nilipoushusha ufito, herufi ilionekana kama mtu aliyejifunga mkanda magotini. Nilipoupandisha, tundu la juu lilibanwa hadi likakaribia kuziba. Nikaupandisha kidogo tu, nikahifadhi kazi, nikavaa viatu niende kata ya Itetemia kumwamkia mama.

Herufi hizo hazikuwa zangu. Zilikuwa za marehemu baba, aliyekuwa fundi wa mabango hapa mjini kabla mashine za kuchapisha stika hazijafika. Mimi nafundisha sanaa katika chuo kimoja cha ualimu, na tangu mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nazihamishia kwenye kompyuta herufi moja baada ya nyingine, ziwe fonti ambayo mtu yeyote angeweza kuiandikia. Baba alizichora kwa rula ya mbao na vifuniko vya makopo. Kifuniko cha kopo kubwa la rangi kilimpa O, C na G. Nusu yake ya chini ikampa U. Kifuniko kidogo kilimpa matumbo mawili ya B. Unene wa kila mstari ulikuwa upana wa rula yenyewe. Hakuweka vijikia kwenye ncha za herufi wala hakuupunguza mstari mahali popote, na hakuwahi kuchora herufi ndogo. W yake ilikuwa M iliyopinduliwa, kwa kuwa alikata umbo moja tu na kulitumia kwa zote mbili.

Alizibananisha mno. Maneno yetu ni marefu na mabati ya mabango ni mafupi, na mwenye mashine ya kukoboa mpunga anataka jina la kazi yake lisomeke na mtu aliye juu ya baiskeli, anayepita bila kusimama. Kwa hiyo herufi za baba zilikaa bega kwa bega kama abiria wa treni ya Kigoma, na kati ya moja na nyingine palibaki mwanya ambao hata kidole kisingepita. Ziliandika kinyozi, ziliandika nyumba ya wageni, ziliandika kibao cha Kanisa la Moravian, ziliandika magunia, na mara nyingi kuliko tulivyopenda ziliandika misalaba ya makaburini.

Nilikua nikizipenda na kuzishuku kwa wakati mmoja. Herufi nyembamba yenye vijikia humwachia msomaji nafasi ya kupumua na kubisha. Herufi nene, iliyochongwa kwa duara na mstari, haimwombi mtu ruhusa. Inatamka HATARI na inatamka INAUZWA kwa sauti ile ile, na anayesoma husadiki kabla hajauliza ni nani anayesema. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba bango likipiga kelele, umtafute mtu aliyejificha nyuma yake. Sikujua kwamba siku moja nitakwenda kumtafuta nyumbani kwetu.

Mwezi Juni, wakati wa likizo, nilikuwa nimekwenda Itetemia mara kadhaa na futi ya fundi na simu. Katika ukuta wa nyuma wa nyumba, ambako baba alikuwa anajaribia rangi, herufi nyingi zilikuwa bado zinasomeka, na mlango wa stoo ulikuwa na kibao chake cha RANGI MBICHI USIGUSE. Nilipima urefu na upana, nikapiga picha za kuta, milango na pembe za nyumba, nikaandika vipimo kiganjani nilipokosa karatasi. Niliuliza pia habari za zile bati alizokatia maumbo ya herufi, ambazo alizilaza ukutani na kupaka rangi juu yake. Mama akasema alishawapa wanunuzi wa vyuma chakavu, zamani sana, wala hakumbuki lini. Sikumweleza kwa nini nauliza. Nilijua angemwambia mdogo wangu, na mdogo wangu angekiambia kijiwe kizima cha bajaji kabla jua halijatua kwamba dada yake msomi amegeuka mpima kuta.

Nyumba yenyewe iko upande unaotazama njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikielekea Ujiji. Huenda ndiyo sababu sisi wa hapa tumerithi jicho fulani. Wageni wamepita mbele ya milango yetu kwa vizazi na vizazi, na tumejifunza kutofautisha macho ya anayesalimia na macho ya anayethamini.

Siku hiyo ya Agosti bodaboda ilinishusha barabarani nikamalizia kwa miguu. Kabla sijafika uani niliona ukuta wa mbele, uliokuwa mtupu tangu nizaliwe, umeandikwa kwa rangi nyeusi:

NYUMBA HII HAIUZWI

Kila Mtanzania anayajua maneno hayo. Huandikwa kwenye kuta za mijini ili tapeli asije akamleta mnunuzi mchana kweupe, akapokea fedha za watu na kutoweka. Kila Mtanzania anajua pia jambo ambalo ukuta hausemi: tapeli wa mbali hajui funguo zinakaa wapi. Mara nyingi maneno yale huandikwa kwa ajili ya mtu anayeitwa kwa jina la ukoo ule ule. Ukiyaona kwenye nyumba ya jirani, humwulizi mwenye nyumba chochote. Unahesabu watoto wake kimoyomoyo na kujiuliza ni yupi.

Na yalikuwa yameandikwa kwa herufi za baba. Nilizitambua nikiwa bado mbali, M yenye bonde fupi, W iliyo M iliyopinduliwa, U yenye kitako cha kifuniko. Mstari mzima ulikuwa umelalia upande wa kulia, kama ulioandikwa na mtu mwenye haraka, anayeogopa kuonekana. Niliwaza hivyo papo hapo, na nikaridhika na wazo langu.

Mama alikuwa kizingitini akichambua choroko kwenye ungo. Macho yake yamefifia siku hizi. Huchambua kwa vidole kuliko kwa kuona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na mfuko leo. Una nini?"

"Sukari na sabuni. Mama, nani ameandika ukuta?"

"Hukuyasoma?"

"Nimeyasoma. Nauliza nani ameyaandika."

"Basi kama umeyasoma, yamefanya kazi yake." Akapeta ungo, makapi yakaruka. "Ingia ndani, chai ipo."

Hakunitazama. Nilikunywa chai yake nikiwa na hakika kwamba anamficha mtu, na kwamba mtu huyo ni mdogo wangu.

Ushahidi wangu ulionekana kuwa mzito. Fonti ile nilikuwa nimewapa watu wawili tu waijaribu, mwezi Julai, vipimo vilipokwisha. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa mjini mwenye duka la stika na mabango karibu na soko, mtu wa ukoo wa mafundi wa siku nyingi. Wa pili alikuwa mdogo wangu, aliyetaka maandishi ya nyuma ya bajaji yake. Tena huyo mdogo wangu, wapimaji wa viwanja walipopita mtaani kwa mama kurasimisha makazi, alinipigia simu kuuliza hati ya nyumba inakaa wapi. Nilimjibu siku ile kwamba sijui, na tangu siku ile sikuacha kujiuliza kwa nini aliuliza. Sasa niliona picha nzima: ameanza mipango, mama amegundua, na yeye, ili ajisafishe, amekuwa wa kwanza kuandika kwamba nyumba haiuzwi. Ni hila ya zamani. Mwizi hodari huanza yeye kupiga yowe.

Nilimkuta kijiweni kwake karibu na stesheni ya reli, amejinyoosha kwenye kiti cha nyuma cha bajaji. Juu ya kichwa chake, kwa herufi nene za baba, chombo kilitangaza SINA HARAKA.

"Shikamoo dada. Leo unapanda au unakagua?"

"Marahaba. Nani ameandika ukuta wa mama?"

Dereva mwenzake aliyekuwa akifuta kioo akasema bila kugeuka, "Leo mwalimu kaja na mtihani. Toeni vitabu mezani."

"Kwani wameukosea maneno?" mdogo wangu akauliza.

"Usinizungushe. Herufi zile nilikupa wewe."

"Ulinipa nikaweka nyuma ya chombo. Basi tangu hapo kila ukuta wa Tabora nimeandika mimi. Hata ule wa gereza."

"Na hati uliiulizia ya nini?"

Hapo uso wake ulibadilika. Akaketi sawasawa. "Niliiulizia kwa sababu wapimaji walitaka kuiona, na mama alikuwa amesahau alikoiweka. Ilipatikana ndani ya Biblia jioni ile ile. Ungeuliza ungejibiwa." Akaingiza ufunguo kwenye bajaji lakini hakuiwasha. "Mimi nikienda kwa mama nakwenda na mkaa na mafuta ya taa. Kati yetu sisi wawili, dada, anayekwenda na futi ni nani?"

Niliyachukua maneno hayo kuwa kejeli ya mtu aliyebanwa. Nikaondoka bila kumuaga.

Mwenye duka la stika alinipokea vizuri zaidi, ingawa niliingia dukani kwake nikiwa tayari nimemhukumu kuwa msaidizi wa uovu. Alikuwa anabandua stika za shule fulani, ushungi ameurusha begani ili usishike gundi.

"Mwalimu, herufi zako zinapendwa," akasema. "Watu wa tumbaku wamezitaka kwa malori, wenye harusi wamezitaka kwa fulana. Lakini msibani wamezikataa. Wanasema zinasukuma."

"Umetengeneza kazi yoyote ya kwenda Itetemia? Maneno ya nyumba haiuzwi?"

"Hapana. Hayo watu huandika wenyewe, kwa brashi. Mimi nakata stika tu, rangi siipaki." Akanitazama. "Ni nyumba ya nani?"

Nikasema ni ya mtu ninayemfahamu. Alitikisa kichwa taratibu, kama wanavyotikisa watu waliokwisha elewa, na hilo nalo lilinifanya nimshuku.

Sikumsadiki. Nilimwomba anichapishie maneno yale matatu kwenye karatasi inayopenya mwanga, kwa urefu wa shubiri moja, ambao nilikadiria kuwa ndio wa maandishi ya ukutani. Nilitaka kuyalaza juu ya yale ya ukuta, herufi juu ya herufi. Zikilingana, ningemweka mdogo wangu na ushahidi wake mbele ya mama, na shauri lingeisha.

Jumapili baada ya ibada nilirudi Itetemia. Mama alikuwa hajarejea kutoka kanisani, na hilo lilinifaa. Nikabandika karatasi ukutani kwa utepe wa gundi na kurudi nyuma hatua chache.

N ililala juu ya N. Y ilikaa sawa, U ikakaa sawa, kitako juu ya kitako. M ilifunika M yote. Lakini A ilikataa. Nilisogeza karatasi juu, nikaisogeza kushoto, na bado mistari miwili ya katikati ilionekana, wangu juu na wa ukuta chini, kama ngazi. Katika HAIUZWI ikawa vivyo hivyo. Na W ya ukutani ilikuwa na kasoro ndogo kwenye mguu wa kulia, kijipindo, ambacho M ya NYUMBA nayo ilikuwa nacho, upande wa kushoto, kwa kuwa zote mbili zilitoka kwenye umbo moja lililopinduliwa.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikiwa na nguo za kanisani. Ufito ule nilikuwa nimeupandisha mimi mwenyewe, tangu siku ya kwanza, kwa sababu wa baba ulionekana kuwa chini mno kwenye kompyuta. Kila nakala iliyotoka mkononi mwangu, ya bajaji na ya duka la stika, ilikuwa na ufito wa juu. Aliyeandika ukuta hakutumia fonti yangu. Alitumia bati za baba zenyewe, zile zilizosemekana kuuzwa chuma chakavu. Ndipo nikaelewa pia kwa nini baba aliuteremsha ufito: kwenye bati, tundu la juu la A likiwa dogo, rangi hujaa na kuliziba. Alikuwa analiokoa tundu.

Bati hizo zingeweza kuwa kwa mtu mmoja tu.

"Unapima tena?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, amekumbatia kitabu cha nyimbo. Lile neno "tena" lilinipiga kuliko yote. Katika siku hizo mbili nilikuwa nimewahesabu watoto wa nyumba hii kutafuta yupi ni tapeli, na nilikuwa nimehesabu mmoja tu.

"Mama, ni wewe uliyeandika?"

"Nimeandika mimi. Nyumba ni yangu, ukuta ni wangu, na bati ni za mume wangu."

"Ulisema ulizitoa."

"Ulipoanza kuziuliza nikasema nimezitoa. Ungesema nini wewe? Mtoto anakuja likizo, hakai akazungumza. Anapima ukuta wa nyuma. Anapima mlango. Anapiga picha pembe zote nne, anaandika mkononi kama wale wapimaji. Nikimwuliza anasema ni kazi kidogo tu. Juma lililofuata wapimaji wenyewe wakaja. Jirani yangu wa pale chini alipimiwa hivyo hivyo na mwanawe, na leo analala sebuleni kwa mkwe."

"Ulidhani naiuza nyumba?"

"Sikudhani. Niliogopa. Anayedhani huuliza." Akaketi kizingitini na kuvua viatu. "Mdogo wako nilimwambia asiseme neno. Alitaka kukutetea, nikamkataza."

Nilimweleza basi, nikianzia mwanzo. Nilimwonyesha kwenye simu herufi zimepangwa kutoka A hadi Z. Alisogeza simu puani, akaisogeza mbali, akaipitishia kidole.

"A umeikosea," akasema.

"Najua. Nimejua sasa hivi."

"Na hizi zitakwenda kwa nani?"

"Kwa yeyote atakayetaka kuandika."

"Hata anayetaka kuandika INAUZWA?"

Nilirudisha simu mfukoni, naye mama akainuka. Aliingia ndani akatoka na furushi la khanga lililofungwa kwa kamba ya katani. Bati zilikuwa humo zote, nyeusi kwa matabaka ya rangi, nyingine zikiwa na rangi mpya iliyokuwa bado inang'aa pembezoni. Alizipakata. Hakunipa. Nilitambua wakati huo kwamba mstari ulilala upande wa kulia kwa sababu aliyeandika haoni vizuri mwisho wa mkono wake, na nikamwazia peke yake pale ukutani, bati mkono mmoja, brashi mkono mwingine, akijilinda na mimi.

"Nifute ukuta, mama?"

"Uache. Unasomeka vizuri."

"Basi nikuapie."

"Kuapa ni maneno ya mdomo, na maneno yako mazuri nimeyasikia tangu ukiwa mdogo. Niandikie. Ukiniandikia kwa herufi zenu hizi ndogo itabidi nisomewe, na atakayenisomea nitamshuku naye. Niandikie kwa hizi." Akagonga furushi. "Nisome mwenyewe, mlango umefungwa."

Mdogo wangu nilimwomba radhi siku ya pili kijiweni. Alisema amesamehe, kisha akanitoza nauli kamili hadi nyumbani.

Barua ilinichukua wiki kadhaa. Kwanza niliushusha ufito wa A hadi mahali pake. Kisha nikagundua kwamba kwa herufi za ukubwa ambao macho ya mama yanaumudu, hata zikibanana kiasi gani, karatasi hujaa upesi sana. Kila sentensi ya kujitetea ilikula nafasi ya sentensi ya ahadi. Nikaanza kuziondoa zile za kujitetea, moja moja, mpaka ikabaki barua ambayo baba angeweza kuiandika kwenye bati. Niliisoma mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mdogo wangu, wakashuhudia. Mwishoni mwa Septemba nikampa mdogo wangu ampelekee mama, ndani ya bahasha ambayo sikuibandika. Iliandikwa hivi:

MAMA, SHIKAMOO.

NYUMBA NI YAKO. SITAIUZA. SITAMLETA MTU KUITAZAMA. UKIWA HAI HAKUNA MTOTO WAKO ATAKAYEGUSA HATI BILA WEWE KUMWITA. NIMESEMA HAYA MBELE YA MWENYEKITI WA MTAA NA MDOGO WANGU AMESIKIA.

NILIPIMA BILA KUKUAMBIA. NDIYO MAANA UKAOGOPA. SITAPIMA TENA ILA UKIWA UMEKETI HAPO UNAONA.

BATI ZIKAE KWAKO. NIKIZIHITAJI NITAKUJA MCHANA, NITAKAA MEZANI KWAKO, NITAZIACHA MEZANI KWAKO.

HERUFI ZA BABA SITAMPA MTU MWINGINE MPAKA UTAKAPOSEMA. ULINIULIZA ZITAKWENDA KWA NANI. BADO NATAFAKARI.

A NIMEIREKEBISHA. ITAZAME HAPA, IKO KILA MSTARI. KAMA BADO NI MBAYA MWAMBIE HUYU ALIYELETA BARUA, ATANIPIGIA SIMU.

UKUTA UUACHE KAMA ULIVYO.

MIMI BINTI YAKO.

KARATASI IMEKWISHA.